Mashine ikiuliza, chagua fedha ya hukohuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu aliyewashauri waendao likizo ng'ambo waache noti nyumbani, wachukue kadi moja, basi. Nimekuwa mhasibu miaka mingi kabla ya kustaafu, na kadi sina ugomvi nayo. Ila ushauri ule umeishia njiani. Panapotuumiza ni kwenye swali moja ambalo mashine huuliza wakati foleni iliyo nyuma yako imeshaanza kukohoa: ulipe kwa fedha ya hukohuko au ya kwenu?

Mimi lilinipata siku ya kwanza kabisa. Tulikuwa Lisbon, mimi na mume wangu, tunalipia chumba. Kijana wa mapokezi akanisogezea mashine ya kadi. Juu pameandikwa kiasi kwa euro, chini yake kiasi kwa fedha ya kwetu. Akanishauri kwa upole nichague ya kwetu, ndiyo nitakayoielewa. Nikabonyeza. Usiku nikatandaza risiti kitandani (mhasibu hastaafu moyoni) nikapiga hesabu kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha siku ile. Katika kila mia niliyolipa, karibu tano zilikuwa za bure.

Mambo yako hivi. Ukichagua fedha ya nchi uliyomo, anayebadilisha ni mtandao wa kadi yako, Visa au Mastercard, kwa kiwango kisichokuwa mbali na kile ambacho mabenki hubadilishana yenyewe. Benki yako inaweza kuongeza makato yake. Ukichagua fedha ya kwenu, anayebadilisha ni kampuni iliyo nyuma ya mashine ile, kwa kiwango inachojipangia, na mara nyingi mwenye duka au hoteli hupata fungu lake. Ndiyo maana wanatuonea huruma sana na hesabu zetu! Na yale makato ya benki yako huenda yakabaki palepale.

Kesho yake nikaenda kutoa fedha kwenye ATM. Swali likaja tena, safari hii limevaa joho: tunakuhakikishia kiwango hiki, unakubali au unakataa? Kitufe cha kukataa kilikuwa chekundu. Nani asiyeogopa kubonyeza chekundu kadi yake ikiwa tumboni mwa mashine? Nilibonyeza. Fedha zikatoka zote, euro zilezile nilizoomba. Unachokikataa pale ni kubadilishiwa tu, muamala wenyewe unaendelea. Na chini ya skrini, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, palikuwa na nyongeza yao juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya: asilimia 11. Hawaiandiki kwa hisani. Sheria ya Umoja wa Ulaya imewabana waionyeshe tangu Aprili 2020. Kwingineko duniani usitegemee kuonyeshwa.

Mume wangu yeye haamini fedha isiyokunjika. Alibeba dola ndani ya mkanda, noti za mia mia, safi, isipokuwa moja yenye kimuhuri cha wino kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Duka la kwanza la kubadilishia fedha wakaigeuza, wakaiinua kwenye taa, wakamrudishia. La pili vilevile. Marekani inazitambua noti zake zote zilizotolewa tangu 1861, lakini mwenye dirisha ana sheria zake, na huwezi kubishana naye kupitia kitundu cha kioo. Ubao wa nje ulisema hakuna kamisheni. Kweli haikuwapo. Ilikuwa imejificha kwenye pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza.

Nisimcheke sana, maana siku ya nne benki yangu iliifunga kadi ikidhani imeibwa, na tukala kwa mkanda wake mpaka simu ilipopokelewa. Kwa hiyo hapo mwandishi wenu amekosea waziwazi: kadi moja haitoshi. Ziwe mbili, za benki mbili, kwenye mikoba miwili, pamoja na noti za kukufikisha kesho.

Pia hakugusia hoteli na magari ya kukodi, ambako hushikilia kiasi fulani kama dhamana. Kwa kadi ya mkopo kinachobanwa ni nafasi yako ya kukopa. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida ni fedha zako halisi, na unaweza kuwa umesharudi nyumbani ukafungua mabegi zikiwa bado hazijaachiwa.

Lile kosa la siku ya kwanza niliiandikia benki yangu nikidai nirudishiwe. Wakajibu kwamba nilikubali mwenyewe, kwa kidole changu. Sikuwa na la kusema. Lakini benki hiyohiyo ilinitumia ujumbe wa kunitakia safari njema asubuhi ya kuondoka, wenye picha ya ndege na mnazi. Nafasi ya mstari mmoja kuhusu swali la mashine ilikuwapo, pale kwenye mnazi.

Mhasibu mstaafu, msomaji wenu