Wapigakura wa Ukerewe wana sehemu yao katika historia ya Mama Mongella

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa maoni nieleze jambo linalonikera kila nisomapo makala kuhusu Mama Getrude Mongella. Karibu zote huanzia Beijing, ambako mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, zikapitia Addis Ababa, alikochaguliwa Machi 2004 kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, na kuishia Midrand, Afrika Kusini, yaliko makao ya Bunge hilo. Uwaziri wake wa miaka ya 1980 na ubalozi wake India hupewa mstari mmoja. Ukerewe hutajwa kama mahali alipozaliwa mwaka 1945, basi.

Kwa maoni yangu, wapigakura wake wanadhulumiwa. Bunge la Afrika lilipoundwa, kila nchi ilipeleka wajumbe watano, angalau mmoja wao mwanamke, na wajumbe hao walitokana na wabunge wa nchi zao. Aliyepoteza ubunge nyumbani alipoteza na ujumbe wake kule. Mama Mongella alikalia kiti kile hadi mwaka 2009 akiwa mbunge wa Ukerewe. Sifa za Beijing zilimsaidia, sikatai, lakini mlango ulifunguliwa na kura za wavuvi na wakulima wa mihogo ambao wengi wao, nadhani, hawajawahi kuambiwa hivyo.

Sisi wa Tanga, ambao wengi wetu tuna ndugu Pemba, tunajua maana ya kumpeleka mgonjwa gatini na kusubiri chombo. Ukerewe ni wilaya ya visiwa katika Ziwa Victoria: kutoka Nansio kwenda Mwanza ni meli, au kivuko cha Rugezi hadi Kisorya kisha barabara ya Bunda, na anayeishi Ukara ana maji mengine ya kuvuka kabla hajafika Ukerewe yenyewe. Mbunge wa watu hao anapokuwa pia na dhamana ya bara zima, wana haki ya kuuliza anapatikana lini.

Mwaka 2010 jimbo lilichukuliwa na Salvatory Machemli wa CHADEMA. Sidai kwamba safari za Midrand ndizo zilizoleta matokeo hayo, kwa kuwa mwaka ule upinzani ulipata viti vingine Kanda ya Ziwa, yakiwemo majimbo ya Nyamagana na Ilemela. Hata hivyo ni swali linalostahili kuchunguzwa na mwandishi makini, hasa baada ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200, msiba uliotukumbusha kuwa usafiri wa majini ni suala la uhai kwa wananchi wale, yeyote awaye mbunge wao.

Ombi langu ni kwamba gazeti lenu limtume mwandishi Nansio, Bugolora na Ukara akawaulize wazee, kwa mazuri na kwa mabaya, mbunge wao aliwasemea nini kuhusu vivuko, zahanati na shule. Majibu yao yalinganishwe na Taarifa Rasmi za Bunge za miaka ile, ambamo maswali na michango ya wabunge imeandikwa kwa majina na tarehe.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga.