Barua ya wazi kwa mkuu wa kumbukumbu za askari: Baba yetu hakuwa mtoro

Mheshimiwa Mkuu,

Shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu njia nyingine zote nimekwisha kuzipita. Barua zangu ziko masjala kwako, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo nyumbani. Moja ilipitia kwa mtendaji wa kata. Nyingine ililetwa na mzee aliyepigana pamoja na baba, akaifikisha mkononi mwa msaidizi wako. Hakuna iliyojibiwa kwa maandishi. Ningeendelea kungoja, maana nyumbani kwetu tumelelewa kuiheshimu sare. Lakini mwezi uliopita mama yangu alisimamishwa dirishani pa ofisi yako akaambiwa, foleni nzima ikisikia, kwamba mume wake alikuwa mtoro wa vita.

Mama ni mtu mzima, magoti yamechoka, anatembea kwa mkongojo. Alikuja kwako na cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, na hati za kiapo za wazee waliokuwa na baba vitani. Kijana aliyekuwa dirishani hakuzifungua. Alitazama karatasi yake akasema, "Huyu alitoroka, mama, hatuna la kufanya." Yule kijana simlaumu sana, alisoma kilichoandikwa. Nakulaumu wewe, Mheshimiwa, kwa kuwa ulikwisha kuelezwa kwamba kilichoandikwa si kweli, na ukakiacha pale pale.

Tangu siku ile mama hatoki nje ya ua. Majirani walikuwa kwenye foleni ile, na sasa kijiji kizima kinajua. Wajukuu wanamuuliza kama ni kweli babu alikimbia vita. Naomba hilo ulifikirie kabla hujaendelea kusoma.

Baba hakuwa askari wa kazi. Alikuwa mkulima na mgambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, yakaua watu na kupora mali, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka nalo likavunjwa siku zile zile. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Muda si mrefu balozi wa nyumba kumi akapita kwetu na orodha, na jina la baba lilikuwemo. Aliondoka mama akiwa na mimba yangu. Maelfu ya mgambo walichukuliwa hivyo kutoka vijijini, wakapewa mafunzo ya muda mfupi, wakapelekwa mbele.

Baba alivuka mpaka na Brigedi ya 201. Masaka ilitekwa Februari 1979, na mwezi Machi brigedi hiyo ikatakiwa kuishika Lukaya, penye kinamasi, kwenye barabara ya kwenda Kampala. Afande, wewe unayajua haya kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu ofisi yako inafanya kazi kama kwamba hayakutokea. Brigedi ya 201 karibu yote ilikuwa ya mgambo, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuonja mapambano. Jioni ya Machi 10 ilishushiwa makombora, na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wakaja juu yake. Mistari ikavunjika, watu wakatawanyika gizani. Usiku huo Brigedi ya 208 ikazungushwa kutoka kaskazini magharibi, na alfajiri ya Machi 11 ikampiga adui ubavuni huku wale wa 201 waliojikusanya upya wakimkabili kwa mbele. Adui akashindwa. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka.

Baba hakuiona Kampala. Pale Lukaya alipigwa na vipande vya kombora pajani na kiunoni. Wenzake walimbeba, akapakiwa kwenye lori la jeshi pamoja na majeruhi wengine, akarudishwa nyuma hadi hospitali moja ya huku Kanda ya Ziwa. Hati ya hospitali ninayo. Imeandikwa kwa mkono na wino umefifia, lakini unasomeka: jina lake, namba yake ya utumishi, jeraha lake, na tarehe ya kulazwa, ndani ya Machi ile ile ya 1979. Jalada lenu, kwa jinsi tulivyosomewa, linasema "mtoro tangu 11/3/1979".

Mtu aliyekuwa amelala juu ya lori la jeshi, damu inamtoka, alitoroka vipi?

Ninavyodhani mimi, na wazee wenzake wanadhani hivyo hivyo, karani wa kombania aliita majina asubuhi ile baada ya watu kutawanyika, na asiyeitika akaandikwa hayupo. Majeruhi walikwisha kuondolewa. Huenda orodha ya majeruhi haikumfikia karani, au ilimfikia na haikulinganishwa na yake. Kisha huko nyuma, ofisini, "hayupo" ikageuzwa kuwa "mtoro". Inawezekana pia alichanganywa na mtu mwingine, maana wazee wanasema kombania ile ilikuwa na mtu mwenye jina kama lake. Simtukani karani wa mwaka 1979. Alikuwa vitani, makombora yanaanguka, na daftari lake huenda liliandikwa kwenye magoti. Lakini leo hakuna makombora. Leo kuna meza, kiti, taa na kompyuta, na kosa lile lile linasomwa kwa sauti kwa mjane wake.

Kuna jambo jingine ambalo sijapata wa kunijibu. Kama baba alitoroka, kwa nini hakutafutwa? Hakuhamia mkoa mwingine, wala hakubadili jina. Vita vilipokwisha na mgambo wengi wakarudishwa makwao, naye akaruhusiwa kutoka hospitali huku anachechemea, akarudi kijiji kile kile, nyumba ile ile, kwa balozi yule yule aliyempeleka vitani. Alikaa pale zaidi ya miaka 40. Alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, aliitwa wilayani kukaa na wazee waliopigana, akavaa koti lake na kwenda, na viongozi walimpa mkono mbele ya watu. Katika muda wote huo hakuna askari hata mmoja aliyekuja kugonga mlango wetu kumuuliza alikimbilia wapi. Serikali yenyewe ilimjua kuwa ni mpiganaji. Ni karatasi moja tu isiyomjua, na karatasi hiyo iko kwako.

Alikufa vipande vingine vikiwa bado mwilini. Picha ya eksirei ninayo, na daktari aliyeisoma ameandika alichokiona. Niliambatisha nakala.

Linaloniuma kuliko yote ni kwamba baba hakujua. Neno hilo tulilikuta baada ya mazishi, tulipoomba athibitishwe kuwa alipigana vita vya Kagera. Alishtakiwa na kuhukumiwa bila kuitwa, akafa bila kupata nafasi ya kusema hata sentensi moja ya kujitetea. Mahakama ya kijeshi ingemsikiliza kwanza, hata kama ni kwa dakika chache. Jalada halikumsikiliza. Sasa ambaye angeweza kujibu yuko kaburini, na sisi tunaambiwa tulete ushahidi wake.

Ushahidi tumeuleta, Mheshimiwa. Mwanzo tuliambiwa maombi ya kurekebisha kumbukumbu yaletwe na askari mwenyewe. Tukaonesha cheti cha kifo. Tukaambiwa basi aje msimamizi wa mirathi. Ukoo ukakaa kikao, muhtasari ukaandikwa, tangazo likabandikwa mahakamani, mdogo wangu akateuliwa. Alipofika kwako akatakiwa alete barua ya kamanda wa kombania. Kamanda amekufa. Tukaleta wazee wa platuni yake, wakala kiapo kwa wakili kwamba walimwona akianguka na mmoja wao ndiye aliyemshika miguu kumpandisha kwenye lori. Tukaambiwa jalada halionekani.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Jalada ambalo halionekani ndilo lililosomwa dirishani mbele ya mama. Haiwezekani yote mawili yakawa kweli. Kama lipo, lifunguliwe tukiwepo. Kama halipo, yule kijana alikuwa anasoma nini?

Safari hizi zimetumaliza. Nauza mitumba, na mtaji umeliwa na nauli na ada za viapo. Mdogo wangu aliacha kibarua chake ili aje kusimama kwenye korido zenu. Mama ameuza mbuzi. Kila tunaporudi mikono mitupu tunamkuta amekaa kwenye mkeka anangoja, na mimi ndiye wa kumwambia kwamba bado. Nimechoka kuwa wa kumwambia kwamba bado.

Nakukumbusha pia maneno yako. Ulipokutana na wazee waliopigana, ulisema kwa kinywa chako kwamba hakuna familia ya mpiganaji wa Kagera itakayozungushwa na ofisi yako. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya viti pamoja na baba. Alipiga makofi kwa nguvu hadi nikamshika mkono apumzike. Wazee wengi waliokuwa pale siku ile wamekwisha kutangulia. Wale waliotuapia wako wachache, na mmoja wao sasa hawezi kuamka kitandani. Usipowaita ukawasikiliza sasa, mwakani ofisi yako itasema mashahidi hawapo, na itakuwa kweli, kwa sababu mtakuwa mmewangojea wafe.

Hatukuja kudai fedha. Kama sheria inampa mjane wake chochote, sheria itasema yenyewe, na barua hii haihusu hilo. Tunachoomba ni neno lile litoke kwenye jina la baba. Iandikwe kwamba alijeruhiwa Lukaya, Machi 1979, akaondolewa kama majeruhi. Kama kanuni zenu haziruhusu ukurasa wa zamani kuguswa, uacheni, lakini pembeni yake yawekwe masahihisho yenye tarehe, sahihi na cheo cha mtu mwenye mamlaka, ili atakayelifungua jalada hilo kesho ayaone yote mawili kwa pamoja. Hati ya hospitali ilinganishwe na orodha zenu. Wazee waitwe. Ikibidi, waende askari wako nyumbani kwa yule asiyeweza kuamka, kwa maana yeye kwenu hawezi kuja tena.

Naamini wako wengine. Usiku ule wa Lukaya hakutawanyika baba peke yake, na sidhani kama karani alikosea jina moja tu. Ziko nyumba ambazo zimesomewa neno hilo zikanyamaza kwa aibu, zikaweka picha ya baba yao ndani ya sanduku. Yafungueni majalada ya Machi 10 na 11 yote, myalinganishe na orodha za majeruhi wa siku zile. Sijui kama hilo liko ndani ya uwezo wako peke yako. Lakini la baba yetu liko ndani ya uwezo wako, karatasi zake zote unazo, na huhitaji kingine chochote kutoka kwetu.

Futeni neno lile. Likishafutwa, naomba afisa wako mmoja, mwenye cheo na akiwa na sare, aje kijijini kwetu amwambie mama kwamba mume wake hakutoroka. Asimwambie chumbani wala kwa simu. Aitishe majirani, aseme mbele yao, kama vile alivyoambiwa mbele ya foleni.

Jina la baba na namba yake ya utumishi sikuviweka hapa, kwa sababu sitaki vitangazwe pamoja na neno lile. Viko kwenye barua yenye muhuri wenu, na nakala nyingine, pamoja na viambatisho vyote, nimeiacha masjala leo asubuhi. Nangoja jibu kwa maandishi, lenye sahihi yako mwenyewe.

Wako mtiifu,

Mtoto wa kwanza wa marehemu