Vichupa vya dawa ya petroli vitaje kilichomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vichupa vya dawa ya petroli vinavyouzwa katika maduka ya vipuri hapa Newala, hasa inapofika miezi ya kupulizia mikorosho, kwa ahadi kwamba injini itapata nguvu na haitagonga. Nilinunua kimoja kwa ajili ya mashine yangu ya kupulizia salfa. Kibandiko kilikuwa na picha ya gari la mashindano na neno moja kubwa la kigeni. Kilichomo hakikuandikwa kwa lugha yoyote, na muuzaji naye hakukijua. Baada ya siku chache nilikuta plagi imeshika wekundu kama udongo wa kwetu, alama ambayo sisi tuliofundisha kemia huihusisha na ferosini, kampaundi yenye chuma. Huenda ndivyo, huenda sivyo; maneno mawili tu kwenye kibandiko yangenitoa katika kubahatisha.

Jambo hili linanikumbusha Thomas Midgley, mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya magari ya General Motors mjini Dayton, Ohio, chini ya Charles Kettering. Injini za wakati ule zilikuwa zikigonga kwa sababu sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa ililipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Midgley alijaribu vitu vingi, ikiwemo iodini na teluri, ambayo ilimganda mtu kwa harufu kama ya kitunguu saumu, hadi tarehe 9 Desemba 1921 alipogundua kwamba risasi ya tetraethili, kampaundi yenye madini ya risasi, hata chini ya sehemu moja kwa elfu, hukomesha kugonga huko. Alijua pia kwamba alkoholi hufanya kazi hiyohiyo, ila alkoholi ilihitajika kwa wingi na kila mtu aliweza kuitengeneza.

Petroli iliyotiwa dawa hiyo ya risasi ilianza kuuzwa Februari 1923 kwa jina la Ethyl. Risasi haikutajwa katika jina hilo. (Kwetu hila hiyo ingekuwa ngumu kidogo, maana neno letu la madini hayo ndilo neno la kile kinachotoka kwenye bunduki.) Oktoba 1924 wafanyakazi 5 walikufa kwa sumu ya dawa hiyo katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bayway, New Jersey, na mwishoni mwa mwezi huohuo Midgley, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amelazimika kwenda kupumzika kwa sababu ya madhara ya risasi mwilini mwake, alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali hiyo na kuinusa kwa takriban dakika nzima ili kuonyesha kwamba haina neno. Dunia ilimsadiki kwa muda mrefu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Sidai kwamba vichupa vya Newala vina risasi. Vingi huenda ni visafishio visivyo na madhara makubwa. Lakini zipo dawa za aina hii zenye madini ya manganizi, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huathiri ubongo, na mkulima wa korosho hubeba injini mgongoni, moshi ukimpitia karibu na kichwa, na akiishiwa petroli huinyonya kwa mdomo kupitia mpira kutoka kwenye dumu. Mtu huyo anastahili kujua anachokimeza.

Naziomba mamlaka zinazosimamia viwango na mafuta zisiruhusu dawa yoyote ya petroli dukani bila kibandiko cha Kiswahili kinachotaja kemikali iliyomo, kiasi chake na tahadhari zake. Kichupa changu bado kina nusu, nami niko tayari kukikabidhi kwa maabara yoyote itakayokubali kukipima.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Newala, Mtwara