Somo, daftari letu bado unalo?

Mombasa, Jumatano usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao hapo Maskati. Huku sisi wazima. Mama anakusalimu, mguu wake umepoa, juzi alishuka mwenyewe hadi sokoni. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na leo nakuandikia kwa haja, nisamehe. Ile katiba ya kwanza ya kikundi chetu cha kupanda mikoko tuliyoiandika kwa mkono barazani kwa Bi Mkubwa, pamoja na daftari la wanachama, si ulizipiga picha kabla hujasafiri? Nazitaka kabla ya Ijumaa. Uchaguzi ni Jumapili, na nakala ya hapa haionekani. Kila aliyekuwa nayo anasema alimpa mwingine.

Wanaogombea uenyekiti ni Kapteni, anataka kuendelea, na Fundi. Kapteni ametangaza kwenye WhatsApp kwamba mkutano utaanza saa nne asubuhi. Nilipoisoma nikatoka nje kutazama mwezi. Somo, Jumapili ni bamvua! Saa nne maji yatakuwa yamekupwa hadi mwisho, na wewe unajua nani huwa matopeni saa hiyo. Kina mama wa chaza wote. Hao ndio waliobeba miche ya mikoko mabegani tangu siku ya kwanza, na wakiacha siku mbili tatu za bamvua kwa mwezi watoto hawali. Mkutano ukiwekwa saa kumi alasiri, maji yamejaa, kila mtu yuko juu. Nimemwambia. Kanijibu kwamba saa imeshatangazwa.

Sitaki kusema alikusudia. Lakini tangazo lenyewe lilitoka Jumanne, siku tano tu kabla ya mkutano, na mimi nakumbuka tuliandika siku kumi na nne. Fundi anasema saba. Mhazini anasema hakuna kifungu kama hicho. Ndiyo maana nataka picha zako.

Halafu kuna jambo la daftari. Jumamosi usiku wameandikishwa watu 23 kwa mpigo, na ada zao zote zimetoka kwenye simu moja. Nimeuona ujumbe wa M-Pesa. Wengi ni vijana wa timu ya mpira ya mpwa wa Kapteni, na si watoto wabaya, wengine nimewafundisha madrasa. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kujaza udongo kwenye kifuko cha mche. Si tuliandika kwamba mtu hupiga kura akishatimiza miezi mitatu na hana deni la ada? Tuliandika, naona hata mwandiko wako. Nitumie ukurasa huo kwanza kuliko mingine yote.

Kinachoniuma ni kwamba Kapteni angeshinda hata bila hayo. Nani alilala kule mkondoni usiku kwa usiku hadi wakata mikoko wakahama? Nani aliyetafuta maji ya kitalu mwaka ule wa ukame? Mimi mwenyewe kura yangu ningempa. Sasa akishinda kwa vijana 23 na kina mama wakiwa matopeni, itasemwa miaka yote kwamba aliiba, na kazi yake yote itaingia humo humo. Nimejaribu kumweleza hivyo, akadhani natumwa na Fundi.

Ngoja nikupe kikao cha jana. Mhazini akapendekeza watu wapange foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, ati ni haraka na hakuna gharama ya karatasi. Mwalimu akasimama, unajua anavyosimama, akauliza kama tumesahau uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu walipopangwa mstari nchi nzima na mahali pengine mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nawaza la karibu zaidi: Mama Pili, ambaye mwanawe anavua kwenye mashua ya Kapteni, atasimama mstari gani? Kwa hiyo tumekubaliana, kura ni ya siri. Sanduku ni ndoo ya plastiki inayoonekana ndani, kifuniko tumekitoboa.

Bi Mkubwa akasema yeye hasomi, je, kura yake aambiwe na nani? Hapo Mwalimu akatueleza kwamba Tanzania mwaka 1965 wagombea ubunge walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba. Basi na sisi karatasi zina picha. Kapteni kapata mashua. Fundi alipewa kaa, akakataa kabisa, anasema kaa huenda upande. Sasa ana nyundo, na amefurahi kama mtoto.

Kuhesabu tumeandika hivi: hapo hapo, mbele ya wote, kila karatasi inainuliwa juu ionekane, kila mgombea ana wakala wake, na matokeo yanatajwa kabla mtu hajaondoka. Kifungu cha 86 cha Katiba ya nchi kinadai kura iwe rahisi, sahihi, salama na ya kuthibitishwa, na sioni kwa nini kikundi cha watu wa mikoko kidaiwe pungufu. Msimamizi atoke nje ya kikundi. Na mahesabu ya pesa yasomwe kabla ya kura. Hilo Mhazini bado analizungukazunguka.

Sasa nina neno nililokuwa nalikwepa tangu mwanzo wa barua. Tukilifuata daftari kama tulivyoandika, jina lako nalo linatoka. Ada yako ya mwisho ni ya Ramadhani. Wewe uliyekianzisha kikundi! Nimelia kidogo, kweli. Lakini siwezi kuwakatalia wale vijana halafu nikuache wewe. Na tafadhali usitume pesa sasa ili upate kura. Ukitaka kutuma, tuma za vifuko vya miche, nitaandika hivyo kwenye risiti.

Umenikasirikia? Picha utazituma lini, na zinasomeka? Ule ukurasa wa miezi mitatu unao, au ulikatika? Je, ungempigia Kapteni wewe mwenyewe? Wewe anakusikiliza, ndiye uliyemfundisha kusoma mahesabu. Mwambie kuhusu saa kumi tu, mengine niachie. Na kina mama, unaonaje nikawafuate huko huko matopeni Ijumaa, au itaonekana nampigia mtu kampeni? Dada yako kajifungua? Mtoto kaitwa nani?

Nijibu hata usiku wa manane, simu sizimi.

Wako,
Somo