Barua kwa Mwanaidi: mimea hai kwenye tangi la aksolotli

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, na nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile picha ya tangi nimeitazama kwa muda mrefu zaidi. Umeamua vizuri kuondoa mapambo ya plastiki kwenye tangi la aksolotli wako, huyo salamanda wa majini, na kuweka mimea hai. Ombi langu la kwanza ni usiyaondoe yote leo, hata kama mikono inawasha. Nitakueleza sababu.

Anza na soksi ya nailoni, zile nyembamba za kike. Ivute polepole juu ya kila pambo: kasri, daraja, mimea ya plastiki, yote. Pale nailoni inaponasa, ngozi ya aksolotli nayo itanasa. Hana magamba, ana ute tu juu ya ngozi laini, na yale matamvua ya kichwani anayopumulia ni damu tupu chini ya utando mwembamba. Anaposhtuka huwa anakurupuka kwa kasi bila kutazama. Kitakachonasa nailoni kitoke siku hiyohiyo. Kitakachopita salama, na ambacho rangi yake haibanduki ukikikwaruza kwa ukucha, kinaweza kungoja.

Kwa nini kingoje? Kwa sababu bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokayo kwenye kinyesi na uozo, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, hawaishi kwenye sponji ya filta peke yake. Wengi wao wako huko, ni kweli, lakini sehemu yao imejishikiza kwenye kioo, mchanga na huo utelezi unaouhisi ukigusa kasri. Ukitoa mapambo yote na kusafisha filta siku moja, amonia itapanda kabla mimea haijaanza kazi. Halafu kuna jambo la maficho. Aksolotli hana kope, hawezi kuufumbia mwanga macho, na ukimwondolea pango lake kabla kivuli kingine hakijakua atakaa amejikunja kwenye kona bila kula. Pango moja lisitoke kabisa, hata baada ya mimea kujaa. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilicholazwa ubavu, kinatosha. Kipande cha bomba la PVC chenye upana wa sentimita 10 kinafaa vilevile, mradi usugue kingo zake kwa msasa mpaka ziwe laini.

Sasa mimea. Mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi imezoea maji ya nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, na ya kwako yanapaswa kukaa 16 hadi 18. Mwanga wako ni hafifu, na lazima ubaki hafifu. Tena mwenye nyumba ni mzito, anatembea chini kwa miguu minne na kukanyaga bila kuchagua. Kwa hiyo sahau mimea myekundu inayotaka taa kali na gesi ya kaboni, na sahau ile mifupi ya kutandaza chini kama zulia, maana ataing'oa usiku wa kwanza.

Kama ningechagua mmoja tu, ningechukua elodea, hasa Egeria densa. Inapenda baridi, inakua haraka, inafyonza amonia na nitrati, na inaishi ikielea tu bila kupandwa. Ceratophyllum demersum hufanya kazi hiyohiyo, wengine wanaipenda zaidi, ila ikishtuka kwa kubadilishiwa maji inapukutisha vijani vyake vyembamba kama sindano na kuziba mdomo wa filta. Ukiichukua, uwe tayari kuvizoa kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Valisneria inakupa majani marefu kama utepe na kivuli kizuri, lakini lazima iwe na mizizi mahali. Anubiasi na kangaga ya Java (Microsorum pteropus) hukua taratibu mno kwenye maji baridi, jani moja kwa wiki kadhaa, ila majani yao ni magumu na yanavumilia kukanyagwa na kulaliwa. Kwa tangi lako la lita 150 ningeanza na vikonyo 8 hadi 10 vya elodea, anubiasi 3, kangaga 2 na vyungu 2 vya valisneria.

Mimea ikifika, usiiweke tangini. Toa kile kikapu cha plastiki, kisha chambua pamba ya kijivu iliyofungia mizizi, nyuzi kwa nyuzi, chini ya maji yanayotiririka. Pamba hiyo mara nyingi ina mbolea, na mabaki yake yakivutwa mdomoni yataishia tumboni. Ondoa vipande vya risasi vilivyozungushiwa vikonyo ili visielee. Halafu geuza kila jani utazame upande wa chini. Mayai ya konokono yanaonekana kama tone la jeli angavu lenye vidoa ndani. Yakwangue kwa ukucha au kata jani lote.

Konokono wadogo si waharibifu wakubwa, lakini aksolotli hufungua mdomo na kuvuta maji kwa nguvu, na chochote kinachopita mdomoni huingia. Gamba gumu likikwama kwenye utumbo ni hatari. Anubiasi na kangaga zinaweza kuogeshwa kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya kufulia yenye klorini (ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni) na sehemu 19 za maji, kwa dakika 2, zisizidi. Kisha suuza sana na uziloweke kwenye ndoo yenye dawa ya kuondoa klorini, kipimo mara kadhaa ya kile cha kawaida, mpaka harufu iishe kabisa. Elodea, valisneria na Ceratophyllum hazivumilii klorini, zitayeyuka. Hizo loweka kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4, siku 2 hadi 3, kisha suuza.

Baada ya hapo weka yote karantini kwa wiki 3 au 4, kwenye ndoo au beseni jeupe karibu na dirisha, ukibadilisha maji yote kila baada ya siku chache. Najua ni muda mrefu. Lakini mayai uliyoyakosa yataanguliwa humo na utawaona konokono kwenye weupe wa beseni, na dawa za wadudu zilizobaki kwenye majani zitaendelea kutoka kila unapobadilisha maji. Usikubali kuuziwa dawa ya kuua konokono ya kutia tangini. Nyingi zina shaba, na shaba ni sumu kwa aksolotli.

Muda huohuo wa kungoja utumie kuandaa vyungu na mawe. Anubiasi na kangaga hazipandwi mchangani. Zina shina nene linalolala, rizomu, ambalo majani yanachomoza juu yake na mizizi chini yake. Ukilifukia linaoza, linakuwa laini na jeusi, na majani yanang'oka moja moja yakiwa bado mabichi. Chukua jiwe laini lenye ukubwa wa ngumi, weka rizomu juu, zungusha uzi wa pamba mara nne au tano ukipita katikati ya majani, funga fundo upande wa chini. Uzi utaoza baada ya miezi kadhaa, na wakati huo mizizi itakuwa imeshika jiwe. Supagluu ya jeli pia inafaa, ile ya sianoakrileti: kausha jiwe, tone moja au mawili, bana kwa sekunde 30, tumbukiza majini. Inageuka nyeupe lakini haina madhara ikishaganda. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki usiutumie. Hauozi, na ukilegea unakuwa kitanzi cha kunasa kidole au tamvua.

Kwa valisneria tafuta chungu cha udongo chenye upana wa sentimita 10 hadi 12, ziba tundu la chini kwa kigae, jaza mchanga uleule ulionao, panda huku shingo ya mmea, pale weupe unapokutana na kijani, ikiwa juu ya mchanga. Funika uso kwa mawe laini ili asichimbue. Kila jiwe lizidi upana wa kichwa chake mara moja na nusu. Kokoto ndogo za urembo usiweke hata moja. Vidonge vya mbolea vya kuzika mchangani viache. Akikichimbua kimoja, kitayeyukia kwenye maji anayoyapumua.

Siku ya kuhamisha, pima amonia, nitriti, nitrati na joto, uandike. Kama amonia au nitriti si 0 kabla ya kuanza, usianze. Wiki ya kwanza ingiza elodea na Ceratophyllum pekee, mapambo yote salama yakiwa bado ndani. Wiki ya pili weka mawe ya anubiasi na kangaga, utoe theluthi ya mapambo. Wiki ya tatu vyungu vya valisneria viingie na theluthi nyingine itoke. Iliyobaki itoke wiki ya nne au ya tano, isipokuwa lile pango. Pima kila baada ya siku mbili. Ukiona amonia miligramu 0.25 kwa lita, simama hapo ulipo, badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji, usitoe pambo lingine mpaka usome 0 siku tatu mfululizo. Katika wiki zote hizo filta usiiguse. Ikiziba kabisa, kamua sponji ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Taa iwake saa 6 kwa siku mwanzoni, baadaye 8 ukiona majani mapya. Soma kipimajoto mwishoni mwa muda wa taa na si asubuhi, kwa sababu hapo ndipo maji yanapokuwa na joto zaidi. Joto likivuka nyuzi 20, punguza saa za taa au iinue juu zaidi. Elodea iliyoelea itamkinga na mwanga, lakini angalau nusu ya uso wa maji ibaki wazi. Aksolotli hupanda kumeza hewa, na asipambane na zulia la majani kuifikia.

Wiki ya pili au ya tatu utaogopa. Valisneria itayeyuka, anubiasi itapata majani ya manjano, kioo kitavaa vumbi la kahawia. Majani ya zamani yaliota kwenye mazingira mengine, mengi yao hata nje ya maji, na mmea unayatupa ili uote mapya. Tazama moyo wa mmea na rizomu: vikiwa vigumu, subiri. Kosa ni kuyaacha yaliyokufa yaozee humo, kwani jani linalooza hutoa amonia ileile uliyotaka ifyonzwe. Kila jioni pitisha mkono, ondoa kilicholegea. Vumbi la kahawia lipanguse tu, litapungua lenyewe. Usikimbilie mbolea ya maji. Kinyesi chake kinailisha mimea hii ya polepole vya kutosha. Na ile inayouzwa kama "kaboni ya maji" usiilete kabisa karibu naye. Nyingi ni glutaraldehidi, dawa ya kuua vijidudu, na ngozi yake inafyonza kwa urahisi vilivyomo majini.

Kumlisha nako kutabadilika. Mnyoo ukidondoka katikati ya majani utajificha, utafia huko, na utajua kwa kipimo cha amonia. Mpe kwa koleo la plastiki, au kwenye kibakuli cha kioo mahali pasipo na mmea. Na siku akipata kuvu, akahitaji kuogeshwa kwa chumvi, mtoe umwogeshee kwenye chombo cha pembeni. Chumvi ikitiwa tangini itaua elodea kwanza, kisha utakuwa na ugonjwa na uozo kwa pamoja.

Mwangalie yeye kuliko mimea. Matamvua yakikunjamana kuelekea mbele, mara nyingi mkondo wa maji ni mkali mno au maji yameharibika. Pima kwanza. Kama vipimo ni safi, elekeza kwenye kioo mdomo wa filta unaotoa maji, au weka jiwe la anubiasi mbele yake livunje kasi. Ncha ya mkia ikijipinda na akagoma kula, badilisha maji kabla ya kufikiria lolote lingine. Na hata mimea ikistawi, maji yaendelee kubadilishwa asilimia 20 hadi 25 kila wiki. Nitrati ikae chini ya miligramu 20 kwa lita, na mimea peke yake kwenye tangi lenye mnyama wa ukubwa ule haitaiweka hapo.

Umeniambia unafikiria kumletea mwenzake. Kama ni dume na jike, jua kwamba elodea ndiyo itakuwa kitanda cha mayai. Jike hugandisha mayai mamia kadhaa kwenye majani, kama jamaa zake wafanyavyo kwenye mifereji ya Xochimilco kule Meksiko. Amua kabla hawajakutana.

Kuhusu lile gogo kwenye picha, sikuweza kuona vizuri kama lina vichomozo upande wa nyuma. Lipitishie nailoni. Likipita, lichemshe na uliloweke mpaka maji yaache kuwa rangi ya chai, kisha funga kangaga moja juu yake. Linaweza kushusha pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, kidogo, hivyo pima kabla na wiki moja baada ya kuliweka; ikae kati ya 7.0 na 7.8 na usihangaike.

Nitumie vipimo vya siku ya kwanza, na picha ya rizomu za anubiasi kabla hujazifunga. Nataka kuona kama zimefika nzima.

Wako,
Salma