Mwanangu, Usiishie kwa Ahithofeli

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Barua yako mjomba ameileta mwenyewe mpaka nyumbani. Niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikampa baba yako, naye akaisoma mara mbili bila kusema neno.

Nimeelewa kilichotokea. Ulimweleza rafiki yako kwamba baba ameachishwa kazi, na kwamba ada ya muhula huu imechangwa na usharika, ukamwomba yaishie kwake. Yeye akayatoa bwenini kwa mzaha, na sasa wenzako wanakuita Sadaka. Umeniandikia kwamba hutamwamini mtu tena maisha yako yote. Ukaongeza kwamba nawe unalo jambo la kwao unalolijua, na ukilitoa atahama shule.

Yote mawili nitakujibu, na nitakujibu kwa Biblia uliyopewa siku ya kipaimara. Itoe kwenye tranka. Fungua Samweli wa Pili, sura ya 15, uende nayo mpaka ya 19. Ni ndefu, lakini Jumapili mchana mnapumzika. Usiruke majina, maana habari yenyewe imo kwenye majina.

Kwanza lakini nikuambie kwamba hilo lililokupata si dogo, na asitokee mtu akakuambia ni mambo ya kitoto. Maandiko yenyewe hayalichukulii kuwa dogo. Katika Zaburi ya 55 Daudi anasema kwamba kama ni adui angelivumilia, angejificha. Kinachomuumiza ni kuwa ni mwenzake, waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Na ile ya 41, mstari wa 9: "Msiri wangu tena niliyemtumaini, aliyekula chakula changu, ameniinulia kisigino chake." Ona alivyohesabu: msiri, niliyemtumaini, aliyekula chakula changu. Mtu wa mbali hana nafasi ya kukusaliti, kwa sababu hukumpa kitu. Ndiyo maana unaumwa hivi, na ndiyo maana nataka umwambie Mungu kwa maneno makali kama hayo ya Daudi. Hatachukizwa. Sala iliyopambwa haitakusaidia wiki hii.

Sasa habari yenyewe. Absalomu, mtoto wa Daudi, alisimama kando ya njia ya lango akiwabusu watu na kuwaambia kwamba kwa mfalme hakuna wa kuwasikiliza, mpaka akaiiba mioyo ya Israeli. Daudi akaukimbia mji wake. Alivuka kijito cha Kidroni, akapanda Mlima wa Mizeituni akilia, miguu mitupu, kichwa kimefunikwa. Akiwa huko mlimani ndipo akaletewa habari kwamba Ahithofeli naye yumo miongoni mwa waliofanya shauri na Absalomu. Ahithofeli ndiye aliyekuwa mshauri wake. Sura ya 16 inasema shauri lake lilihesabiwa kama mtu aliyeuliza neno la Mungu. Na hakuishia kuhama upande. Aliomba apewe watu 12,000, usiku uleule, amfuate Daudi akiwa amechoka na mikono imelegea, ampige yeye peke yake. Alijua mfalme amechokaje na anaogopa nini. Hizo ndizo silaha za rafiki aliyegeuka.

Kwa nini alifanya hivyo? Biblia haisemi wazi. Lakini tazama sura ya 11, mstari wa 3: Bathsheba ni binti Eliamu. Kisha nenda sura ya 23, kwenye orodha ya mashujaa, mstari wa 34: Eliamu, mwana wa Ahithofeli. Kama Eliamu ni huyohuyo, basi Bathsheba alikuwa mjukuu wa Ahithofeli, na Uria aliyeuawa ili mfalme amchukue mkewe alikuwa mume wa mjukuu wake. Uria yule alikataa kwenda kulala kwake wakati wenzake wako vitani. Akalala mlangoni pa nyumba ya mfalme. Na Daudi akampa barua aipeleke kwa Yoabu, mkuu wa jeshi, barua iliyoamuru yeye Uria auawe, akaibeba kwa mkono wake mwenyewe. Sijui kama kuna usaliti mbaya kuliko huo katika Biblia nzima, na aliyeutenda ni huyu tunayemwimbia kila Krismasi kwamba Mwokozi amezaliwa katika mji wake.

Sikuambii haya ili useme uliyoyapata umestahili. Hukustahili. Nakuambia kwa sababu aliyeandika Samweli hakuogopa kutuonyesha kwamba mtu anayelia kwa kusalitiwa anaweza kuwa amewahi kumliza mwingine. Ukilielewa hilo mapema, utakuwa mwangalifu na siri za watu.

Lakini ninachotaka hasa ukione kiko kabla ya Ahithofeli kutajwa mlimani. Wahubiri wengi wanakipita haraka. Rudi sura ya 15, mstari wa 18. Mfalme anatoka, watu wake wanapita mbele yake, na kati yao wamo watu 600 waliomfuata kutoka Gathi. Gathi, mwanangu, mji wa Goliathi. Mkubwa wao ni Itai Mgiti. Daudi anamzuia. Anamwambia arudi, kwa kuwa ni mgeni na amefukuzwa kwao, amekuja jana tu, haina haja atangetange na mfalme asiyejua aendako. Itai akaapa kwa jina la Bwana kwamba popote atakapokuwa mfalme, kwa kufa au kwa kuishi, yeye naye atakuwa hapohapo. Akavuka, yeye na watu wake wote, na watoto wadogo waliokuwa pamoja naye. Baadaye, vita ilipopangwa, Daudi alimpa theluthi ya jeshi lake.

Katika sura ileile moja mshauri wa miaka anaondoka na mgeni wa jana anabaki. Wako wengine pia. Sadoki na Abiathari, makuhani, wakarudi mjini kwa hatari ili wampelekee habari. Wana wao wakajificha kisimani kule Bahurimu, na mwanamke ambaye hata jina hatujaambiwa akatandaza nguo juu ya mdomo wa kisima na kuanika nafaka, waliokuwa wakiwasaka wakapita. Hushai, rafiki wa Daudi, naye akabaki mwaminifu, lakini sikufichi, habari yake inanitatiza: alijifanya mtu wa Absalomu ili aliharibu shauri la Ahithofeli. Alimwokoa Daudi kwa kudanganya. Nimemuuliza mchungaji, akanijibu kwamba Biblia inasimulia mengi isiyotuagiza tuyaige. Nimelipokea jibu hilo, ingawa bado nalitafakari.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umejaza kurasa mbili na nusu kuhusu huyo aliyekusaliti. Kisha kuna mstari mmoja, karibu umeuandika pembeni, kwamba yule kijana aliyehamia muhula huu alichukua sahani yake bwaloni akaja kukaa nawe wengine walipokuwa wakicheka, na hakuuliza kitu. Mstari mmoja tu! Mwanangu, huyo ndiye Itai wako, na umempita. Hukumfanyia jambo, hamjazoeana, huenda hata hujui kwao ni wapi. Alikuwa na sababu zote za kukaa mbali, maana mgeni akijiunga na anayechekwa naye huchekwa. Akaja.

Unaposema hutamwamini mtu tena, unamhukumu yeye kwa kosa la mwingine.

Daudi alifanya kosa hilohilo, tena siku hiyohiyo. Soma mwanzo wa sura ya 16. Moyo ukiwa bado unavuja damu, Siba akamjia na punda wawili waliotandikwa, mikate 200 na divai, akamwambia kwamba bwana wake Mefiboshethi amebaki Yerusalemu akisubiri ufalme wa babu yake Sauli. Mefiboshethi ni mtoto wa Yonathani, yule kilema wa miguu yote miwili ambaye mlezi wake alimwangusha akiwa na miaka mitano, na ambaye Daudi alimketisha mezani pake kwa ajili ya agano lake na Yonathani. Daudi hakuuliza swali la pili. Akampa Siba mali yote papo hapo. Kwa kuwa Ahithofeli amemgeuka, ilikuwa rahisi kuamini kwamba kila mtu amemgeuka.

Vita ilipokwisha, Mefiboshethi akaja kumlaki mfalme. Hakuwa ameihudumia miguu yake, wala kukata ndevu zake, wala kufua nguo zake, tangu siku mfalme alipoondoka. Alisema mtumwa wake ndiye aliyemdanganya, na kwamba yeye ni kiwete, asingeweza kwenda bila punda. Daudi, nadhani kwa aibu, akasema shamba ligawanywe nusu kwa nusu. Mefiboshethi akajibu Siba achukue lote, maadamu mfalme amerudi nyumbani kwa amani. Huwa nasoma maneno hayo polepole. Mtu mwaminifu aliadhibiwa kwa usaliti wa mtu mwingine, na aliyemwadhibu ni mtu mwema aliyekuwa na jeraha bichi.

Nikirudi kwenye hilo jambo la kwao unalolijua: usiliseme. Hapa nakuamuru kama mama, lakini pia nakupa sababu. Fungua Yohana 13. Usiku ule Yesu alijua Yuda amekwisha kufanya nini. Aliunukuu mstari uleule wa Zaburi ya 41. Aliwaosha miguu wote, na Yuda alikuwamo. Alipowaambia kwamba mmoja wao atamsaliti, wakatazamana bila kujua anamsema nani. Na Yuda alipotoka usiku, baadhi walidhani ametumwa kununua vitu vya sikukuu, kwa kuwa ndiye aliyeshika mfuko. Fikiri juu ya hilo. Walikuwa pamoja siku zote, wakila pamoja, na hakuna aliyeweza kubahatisha, nadhani kwa sababu Yesu hakuwahi kumtendea Yuda tofauti na wao. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na Petro aliyekuwa na upanga angemaliza kazi. Hakulisema mbele ya wote; kwa yule mwanafunzi aliyemuuliza alitoa ishara ya tonge tu. Kisha naye akavuka Kidroni, kijito kilekile alichokivuka Daudi akilia, na bustanini alipobusiwa alimwita Yuda rafiki.

Na wale waliomnunua Yuda kwa vipande 30 vya fedha, alipowarudishia akisema amekosa, walimjibu kwamba hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Wanaocheka leo kwa siri yako watacheka kesho kwa siri ya rafiki yako, na ukiitoa wewe hawatakuheshimu kwa hilo. Watakuwa wamepata wa pili wa kumcheka, na watakaa wakikuogopa.

Lakini kusamehe hakukulazimishi umpe siri nyingine. Yohana 2 inasema Yesu hakujiaminisha kwa watu fulani kwa sababu aliwajua wote, naye ndiye mwenye upendo kuliko sisi sote. Petro alipomkana mara tatu kando ya moto wa makaa, Yesu hakujifanya hakuna kilichotokea. Baada ya kufufuka alimkalisha penye moto wa makaa mwingine, ufuoni, akamuuliza mara tatu kama anampenda, hata Petro akahuzunika. Huyo rafiki yako nawe muulize, mkiwa wawili tu, mchana, bila wengine: kwa nini? Msikilize. Akijuta, mpokee, halafu mwangalie kwa muda. Asipojuta, msalimie na uendelee na masomo yako.

Jambo moja tu nalitoa kwenye amri yangu. Ikiwa hilo unalolijua ni la mtu kuumizwa, mtoto kupigwa au kuguswa vibaya, hiyo si siri ya kutunzwa. Peleka kwa matroni au mwalimu unayemwamini, au uniambie mimi, na usiipeleke bwenini. Yonathani alimpenda baba yake Sauli mpaka wakafa siku moja Gilboa, lakini Sauli alipotaka kumuua Daudi, Yonathani alimwambia usoni kwamba anamkosea mtu asiye na hatia, na akamwonya Daudi ajifiche.

Kuhusu jina hilo wanalokuita: baba yako anasema uwaambie ni kweli. Ada yako imelipwa na watu wanaouza mchicha na wanaoendesha bodaboda, waliosimama mbele ya madhabahu Jumapili wakatoa walicho nacho kwa sababu miaka yote baba yako alisimama pamoja nao kwenye misiba yao. Hakuna cha kuficha hapo. Siku hizi analima bustani ya yule mzee wa kanisa jirani yetu, na mwezi ujao ameahidiwa kazi ya stoo. Tutaona.

Nimemtumia mjomba sabuni, dawa ya meno na madaftari mawili. Kuna pia karanga na kashata, vifurushi viwili. Kimoja ni chako. Cha pili mpe huyo kijana mgeni, na umuulize jina lake, uniandikie.

Mama yako anayekupenda