Mwimbaji wetu hataki kusikia wanayosema wasikilizaji: nimwambie au ninyamaze?

Mpendwa mshauri, pamoja na wasomaji wenzangu,

Pokeeni salamu zangu. Ninapiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya watu wanne. Hatuko chini ya kampuni kubwa. Kurekodi tunajilipia wenyewe, na kuna lebo ndogo inayotusaidia kusambaza tu. Albamu yetu ya pili imeshatoka. Ina huzuni na giza kuliko ya kwanza kwa mbali sana, na wasikilizaji wamegawanyika vibaya. Hilo peke yake lisingenifanya niandike. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mwenye maneno ya nyimbo zile, mwimbaji wetu, hajui hata nusu ya yanayosemwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alituomba tusimwambie. Na sasa kuna uamuzi unaotusubiri ambao sioni ataufanyaje bila kujua.

Nieleze kidogo tulikotoka. Albamu ya kwanza ilikuwa ya kuchangamka: magitaa mawili yanakimbizana, nyimbo za dakika tatu tatu, viitikio ambavyo mtu akivisikia mara moja tayari anaviimba. Wimbo wake mmoja ndio uliotufungulia njia, na mpaka leo wapo wanaoujua wimbo huo bila kulijua jina la bendi. Kisha mwimbaji wetu akafiwa na mdogo wake wa kiume. Tukakaa muda mrefu bila mazoezi. Aliporudi alikuwa na daftari limejaa mashairi, na alipotusomea, hakuna aliyethubutu kupendekeza tuyawekee mdundo wa kuchezeka.

Tukaushusha uzi mnene wa gitaa kutoka noti ya E hadi D ili sauti iwe nzito. Kasi ikapungua. Wimbo wa kwanza unaanza na besi yangu peke yake kwa zaidi ya dakika nzima kabla ya chombo kingine chochote kuingia. Wimbo wa mwisho ndio roho ya albamu. Aliuimba akiwa karibu kabisa na maikrofoni, midomo nusura iguse wavu, na kabla ya ubeti wa mwisho kuna mahali anavuta pumzi, pumzi ndefu inayokatika katikati. Fundi wa sauti alitaka kuifuta wakati wa kuchanganya, akisema itasikika kama kasoro. Dada, yaani mwimbaji wetu, akakataa, akasema ibaki. Ikabaki. Nalitaja hili kwa sababu pumzi ile ya sekunde chache imezua ubishi kuliko kitu kingine chochote katika albamu nzima.

Akaunti za bendi ninazishika mimi, kwa hiyo kila neno linapitia mikononi mwangu. Wapo waliotuaga kwa heshima. Mmoja ameandika kwamba albamu ya kwanza ndiyo aliyokuwa akikimbilia asubuhi, na hii mpya ameijaribu, lakini miguu inagoma. Mwingine anasema anaielewa huzuni yetu ila yeye ana yake ya kutosha nyumbani. Hawa siwalaumu hata kidogo. Mtu ana haki ya kuchagua muziki wa kumsindikiza katika siku yake, na hatukumwahidi yeyote kwamba tutabaki vilevile. Takwimu nazo zinasema yake: kwenye Spotify wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka upite sekunde 30, na mwanzo wetu wa besi tupu unawapoteza wengi kabla ya hapo. Ajabu ni kwamba wimbo wa mwisho, ambao kwa kawaida ndio hufikiwa na wachache, sasa umeupita wa kwanza.

Wapo pia wanaotulaumu kwa ukali, nao wananiumiza. Wanasema tunaigiza majonzi. Kwamba kila bendi ikifika albamu ya pili hununa ili ionekane imekomaa. Kwamba ile pumzi ni mbinu ya studio, imepandikizwa ili watu walie. Hawajui kuhusu msiba, maana hatukuutangaza. Familia yake iliomba hivyo, na yeye hakutaka watu wanunue albamu kwa kumwonea huruma. Mara nyingi nimeanza kuandika jibu, nikafika katikati, nikafuta. Nikijibu kwa ukweli nitakuwa nimetoa siri isiyo yangu. Nikinyamaza, mtu aliyemzika mdogo wake anaendelea kuitwa mwongo mbele ya maelfu.

Hapo kuna jambo nimelifikiria sana. Albamu ya pili ya Joy Division, bendi ya Uingereza, ilitoka Julai 1980, miezi miwili tu baada ya mwimbaji wao, Ian Curtis, kufariki. Nyimbo zilikuwa zimesharekodiwa kabla ya hapo, lakini tangu siku hiyo ni vigumu mno kumpata msikilizaji anayeisikia bila kwanza kukifikiria kifo kile. Kila mstari umegeuka kuwa ushahidi wa kitu. Kwetu aliyefariki si mwimbaji, hali si ileile, lakini naogopa jambo hilohilo: siku tutakaposema msiba ulitokea, mabishano yatakwisha, na pamoja nayo utakwisha uhuru wa mtu kuusikia wimbo na kuuweka penye maisha yake mwenyewe.

Maana wanaousikia hivyo ndio kundi la tatu, na ndio hasa wamenifanya nishike kalamu. Wanaandika barua ndefu, nyingi zikiingia usiku wa manane. Kuna mama aliyefiwa na mwanawe. Anasema watu wote wanaomzunguka wanamwambia ajikaze, na ule wimbo wa mwisho ndio kitu cha kwanza ambacho hakikumwambia ajikaze. Kuna kijana anayeusikiliza akiwa amekaa ndani ya gari kabla ya kuingia nyumbani kwa baba yake mgonjwa. Mwingine aliandika mistari miwili tu: kwamba pale pumzi inapokatika, yake nayo hukatika, halafu anaweza kuendelea. Karibu wote wanaandika "dada", wakimkusudia yeye, na karibu wote wanauliza kama anasoma.

Wachache wananiandikia mambo mazito zaidi, mambo ya mtu kuichoka dunia. Hao siwaachi hata saa moja. Ninawajibu kwa jina langu, ninawasihi wamwambie mtu wa karibu usiku uleule na wamwone daktari au mshauri wa afya ya akili, na ninawatafutia namba ya msaada ya huko waliko. Lakini mimi ni mpiga besi. Sikusomea kazi hii, na siku nyingine ninazima simu mikono ikitetemeka.

Sasa nije kwenye uamuzi. Lebo imetuletea pendekezo: itagharimia albamu ya tatu, jambo ambalo haijawahi kutufanyia, kwa sharti kwamba turudi kwa prodyuza wa albamu ya kwanza na turudishe uchangamfu ule. Wanataka jibu kabla ziara yetu haijaisha. Na ahadi tuliyompa mwimbaji ni kwamba hatutamweleza maoni ya watu mpaka ziara iishe. Pendekezo lenyewe analijua, maana lilisomwa mbele ya sote. Asichokijua ni sababu zake, wala hajui kwamba kuna watu wanaoishikilia albamu hii kwa mikono miwili. Anachokiona ni kumbi ambazo hazijai kama mwanzo, na yale makelele ya kuomba wimbo wa zamani.

Makelele hayo yanahitaji maelezo. Tunapomaliza wimbo wa polepole, ukumbi unatulia kidogo, halafu mtu anapaza sauti kuuitisha wimbo ule uliotutambulisha. Mwingine anamuunga mkono. Mwimbaji aliuandika wimbo huo akiwa na mdogo wake chumba kimoja, yule mdogo akimpigia makofi ya mdundo mezani, na sasa hawezi kuufikisha mwisho. Tulijaribu mazoezini, sauti ikagoma kwenye kiitikio. Watu hawajui. Wanadhani tunaringa. Baada ya onyesho moja la karibuni aliniuliza tukiwa tunakunja nyaya: "Wanatuchukia, eh?" Nikamwambia kuna wanaosikiliza kwa makini sana. Alinitazama kama anayengoja niendelee, na sikuendelea, kwa sababu ya ahadi.

Ndani ya bendi hatuko pamoja. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mpiga gitaa anasema tungoje, na mfano wake ni Weezer, bendi ya roki ya Marekani. Albamu yao ya pili ya mwaka 1996 ilikuwa chungu na ya ndani mno kuliko ya kwanza, ikauza kidogo, na wasomaji wa jarida la Rolling Stone wakaipigia kura miongoni mwa mbaya kabisa za mwaka huo. Leo ndiyo ambayo mashabiki wengi wa bendi hiyo wanaipenda kuliko zote, na mwaka 2016 ilifikia kiwango cha mauzo cha platinamu Marekani. Meneja wetu anaichukua bendi ileile na kuvuta upande wa pili: baada ya mapokezi yale walikaa karibu miaka mitano bila albamu, na waliporudi mwaka 2001 walirudi na nyimbo fupi za kuchangamka, zikauza vizuri. Mpiga drami wetu, mtu wa maneno machache, amewajibu kwamba bendi ya The Strokes nayo mwaka 2003 ililaumiwa kwa kosa la kinyume, kwamba albamu yake ya pili inafanana mno na ya kwanza.

Mimi naona wote wanasema kweli na hakuna anayetusaidia. Miaka 20 ni mingi kwa watu wanaodaiwa kodi ya chumba cha mazoezi. Na mauzo mazuri ya nyimbo nyepesi yatatufaa nini kama mwenye kuziimba hazimtoki kooni? Halafu mifano hiyo yote inazungumzia hukumu ya umma, ilhali mimi nina kwenye simu barua za watu mmoja mmoja, na ni hizo ambazo naamini zingebadilisha namna atakavyolijibu pendekezo la lebo.

Mpiga drami anasema nimweleze yote leo, mabaya na mazuri, kwa kuwa ni mtu mzima na kazi ni yake. Mpiga gitaa anasema ahadi ni ahadi, na kwamba aliyetoka msibani asibebeshwe misiba ya watu wengine mia. Anakumbusha kwamba aliomba hivyo kwa akili timamu, akijua kwamba akisoma neno moja baya hataweza kupanda jukwaani kesho yake. Hilo ni kweli, ninamfahamu.

Nimefikiria njia ya katikati: nimchagulie barua chache, ya yule mama, ya kijana wa kwenye gari, na zile za kutuaga kwa heshima, nimpe zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi ili asilazimike kufungua simu na kukutana na matusi. Moyo wangu unaelekea huko. Lakini kuchagua nako ni kumwongoza. Nikimpa za upendo pekee, atalikataa pendekezo la lebo akiamini ulimwengu wote uko upande wake, na sivyo. Nikichanganya, nani amenipa mizani ya kupima kiasi gani cha uchungu anaweza kukihimili? Na wale walioandika wakimwamini yeye peke yake, je, watakubali barua zao zipitie kwangu na kuchapishwa, hata kama ni kwa ajili yake?

Kwa hiyo naomba ushauri wenu, hasa kwa mtu aliyewahi kusimama kati ya msanii na wasikilizaji wake, au aliyewahi kumlinda mfiwa asisikie mambo fulani. Je, niende kwake nimwambie waziwazi kwamba hali imebadilika tangu atuombe, nimuulize kama bado anataka ahadi ile idumu, na nisiseme zaidi mpaka anijibu? Au hata swali hilo lenyewe ni kuivunja ahadi, maana atajua mara moja kwamba kuna jambo? Na kuhusu wale wanaomwita mwigizaji, kuna namna ya kuwajibu bila kuutaja msiba, au niwaache waseme?

Lebo inangoja jibu kabla ya onyesho letu la mwisho. Wenzangu wamekubali tusisaini chochote mpaka nisome majibu yenu.

Ni mimi,
Mpiga besi